STP kwenye swichi: izimwe, iachwe ilivyo au isanidiwe?

Kwa mafundi wanaofunga mitandao ya ofisi, shule na hoteli kuna mashauri matatu kuhusu STP (Spanning Tree Protocol), itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, na kila shauri lina watu wake. La kwanza linasema swichi ikitoka tu kwenye boksi, izime STP, maana inachelewesha kompyuta kupata mtandao. La pili linasema usiiguse, kiwanda kimeshaipanga. La tatu ni la waliopitia kozi za vyeti: sanidi kila kitu, poti kwa poti. Fundi mchanga anayeyasikia yote matatu kwa wakubwa zake ana haki ya kuchanganyikiwa, hasa kwa vile kila upande una ushahidi wa kweli wa kuonyesha. Aliyeizima aliona tatizo likiisha palepale. Aliyeiacha amekaa miaka bila kuitwa usiku. Aliyeisanidi anaweza kukueleza kila kebo inafanya nini.

Ugomvi huu wa kuwasha au kuzima unafunika swali zito zaidi: nani anaamua data ipite njia ipi? Mtandao wenye STP isiyoguswa nao umesanidiwa, ila aliyeusanidi ni bahati.

Tatizo lenyewe

Swichi ya Etheneti ikipokea fremu ya kutangaza kwa wote, mfano ile ya ARP ambayo kompyuta huituma kuuliza nani mwenye anwani fulani ya IP, huinakili kwenye poti zake zote isipokuwa ile ilikotokea. Palipo na njia moja tu, hakuna shida. Swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo mbili, nakala iliyotoka kwa kebo ya kwanza inarudi kwa kebo ya pili, inanakiliwa tena, inarudi tena. Pakiti ya IP ina kihesabu cha TTL kinachopungua kila inapopita kwenye ruta, na kikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti haina kihesabu hicho. Itazunguka mpaka mtu achomoe kebo, kama uvumi wa mtaani unaomrudia aliyeuanzisha naye akaupokea kama habari mpya.

Kiungo cha 1 Gbps kinaweza kubeba fremu ndogo za baiti 64 zipatazo milioni 1.488 kwa sekunde moja. Mzunguko huo, yaani lupu, ukishashika, matangazo machache yanatosha kukijaza. Taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja. Jedwali la anwani za MAC linayumba, kwa kuwa kompyuta ileile inaonekana kutokea mara poti ya 3, mara poti ya 24. Kila kompyuta ya mtandao huo inalazimika kulisoma kila tangazo, hata lisiloihusu. Fundi akijaribu kuingia kwenye swichi kwa SSH, swichi yenyewe haijibu. Hapo hubaki kebo ya konsoli na mkono wa kuchomoa.

Mwaka 1985 Radia Perlman, akifanya kazi Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni kanuni ya kulimaliza jambo hili, ndiyo STP, na IEEE ikaiweka katika kiwango cha 802.1D kilichotolewa mwaka 1990. Swichi huzungumza zenyewe kwa ujumbe mdogo uitwao BPDU, unaotumwa kila baada ya sekunde 2. Huchagua moja kati yao iwe mzizi. Kila swichi nyingine hubaki na njia moja tu ya kuuelekea mzizi, ile yenye gharama ndogo, na viungo vilivyozidi hufungwa bila kuondolewa; umbo linalobaki ndilo huitwa mti. Kebo ya akiba imechomekwa, imelala, na inaamshwa nyingine ikikatika.

Mzizi unavyopatikana

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote, na ndipo wengi hupita mbio.

Kitambulisho cha kila swichi kina sehemu mbili: kwanza kipaumbele, halafu anwani ya MAC. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye mzizi. Kipaumbele cha kiwandani ni 32768, nacho hubadilishwa kwa hatua za 4096, kuanzia 0 hadi 61440. Kama hakuna aliyekibadilisha, swichi zote zinatoka sare na MAC ndiyo inayoamua. Watengenezaji kwa kawaida hugawa MAC kwa kupanda, hivyo swichi za chapa moja zikishindana, mara nyingi kongwe ndiyo inayoshinda.

Chukua jengo la ghorofa nne. Chini kuna swichi kuu mpya, na seva na ruta zimechomekwa humo. Ghorofa ya nne ina swichi yake, iliyounganishwa na swichi kuu kwa kebo ya 1 Gbps. Ghorofa ya tatu, kwenye kabati la mifagio, kuna swichi kuukuu ya 100 Mbps iliyobaki tangu ofisi ilipoanza. Ina kebo mbili, moja inashuka kwenye swichi kuu na nyingine inapanda ghorofa ya nne. Kwa mahesabu ya zamani ya STP, kiungo cha 100 Mbps kina gharama ya 19 na cha 1 Gbps gharama ya 4.

Swichi kuukuu ikishinda, ghorofa ya nne inatafuta njia ya kuifikia. Moja kwa moja ni 19. Kupitia swichi kuu ni 4 na 19, yaani 23. Inachagua 19. Swichi kuu nayo inaufikia mzizi moja kwa moja kwa 19. Kile kiungo cha 1 Gbps kati ya hizo mbili hakimpeleki yeyote kwenye mzizi kwa bei nafuu zaidi, kwa hiyo kinafungwa. Kuanzia hapo kila faili la ghorofa ya nne linapita kabati la mifagio kwa 100 Mbps kabla ya kufika kwenye seva. Hakuna kilichoharibika na logi haina kosa hata moja. Watu wanasema tu mtandao mzito, mkubwa wa ofisi anawapigia simu watu wa intaneti, nao wanapima laini yao na kuikuta salama.

Ukiipa swichi kuu kipaumbele cha 4096, mahesabu yanageuka. Ghorofa ya nne inafika kwa gharama ya 4, na kinachofungwa ni kebo kati ya swichi kuukuu na ghorofa ya nne. Mstari mmoja wa amri umebadilisha njia ya mtandao mzima. Kwenye swichi ya Cisco, fundi akiandika `show spanning-tree` na kukuta maneno `This bridge is the root` kwenye swichi ya kabati la mifagio, ameshaona ugonjwa.

Wanaoizima

Wasidharauliwe. Katika toleo la kwanza la STP, poti inayochomekwa kebo husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza anwani kwa sekunde nyingine 15, ndipo inaruhusu data kupita. Hizo ni sekunde 30. Kiungo cha mbali kikikatika, swichi inaweza kusubiri sekunde 20 zaidi kabla ya kukubali kwamba taarifa ilizonazo zimechina, jumla sekunde 50. Kompyuta ya leo yenye SSD inakuwa imeshawaka na kuomba anwani kwa DHCP huku poti bado inasikiliza. Ombi linapotea. Windows inajipa anwani inayoanza na 169.254, na mtumiaji anaona mtandao haupo. Fundi anazima STP, kompyuta inapata anwani papo hapo, kila mtu anashukuru. Wapo pia wanaokumbusha kwamba swichi za ProCurve za HP zilikuwa zikitoka kiwandani STP ikiwa imezimwa, na kazi zilifanyika.

Udhaifu wao uko sehemu mbili. Kwanza, wanadhani lupu huletwa na fundi, hivyo fundi mwangalifu haihitaji kinga. Lupu nyingi huletwa na watu wa kawaida. Mtu anapanga upya dawati, anakuta kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu la ukutani lililo karibu asijue kwamba ncha ya pili iko kwenye tundu jingine la ukuta uleule. Simu ya mezani ya IP ina poti mbili, moja ya kwenda ukutani na moja ya kompyuta. Mtu akizichomeka zote mbili ukutani, amemaliza kazi, na jengo zima linazimika kwa sababu ya dawati moja.

Pili, ucheleweshaji wanaoulaumu ulipata dawa zamani. Poti ya mtumiaji inaweza kutangazwa kuwa poti ya pembeni, Cisco wanaiita PortFast, nayo huanza kupitisha data mara tu inapochomekwa. Mwaka 2001 IEEE ilitoa RSTP, yaani 802.1w, ambamo swichi mbili zilizounganishwa ana kwa ana hukubaliana bila kusubiri saa, mara nyingi chini ya sekunde moja. Anayeizima STP leo kwa sababu ya sekunde 30 anaadhibu toleo la 1990 lililo kichwani mwake.

Wanaoiacha ilivyo

Hawa wamepata kinga ya lupu bure, na kwa mtandao mdogo hilo si jambo la kubeza. Ruta za MikroTik, ambazo hupendwa kwa bei yake, huanzisha daraja jipya likiwa na RSTP tayari. Ukiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili, moja inafungwa, maisha yanaendelea.

Hasara ya kwanza ni ile ya kabati la mifagio. Ya pili hujitokeza chapa zikichanganyika. Cisco, ikiachwa ilivyo, hujenga mti wa peke yake kwa kila VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi), wakati swichi nyingi za chapa nyingine hujenga mti mmoja kwa VLAN zote. Zikikutana, huelewana kupitia VLAN 1 tu. BPDU za VLAN nyingine hutumwa kwa anwani ya Cisco ambayo swichi ngeni haiitambui, basi huisambaza kama data ya kawaida. Mti unaouona kwenye skrini ya upande mmoja sio unaouona upande wa pili, na kutafuta hitilafu hapo ni kazi ya kukesha.

Hasara ya tatu ni ukubwa. Saa za STP za kiwandani zilikokotolewa kwa mtandao usiozidi swichi saba kutoka ncha hadi ncha. Mnamo Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilikaa takriban siku nne mtandao wake ukianguka na kuinuka, ikabidi madaktari na maabara warudi kwenye karatasi. Mkuu wake wa TEHAMA wa wakati huo, John Halamka, aliyaeleza mambo hayo hadharani bila kuficha. Mtandao ulikuwa umekua kipande kwa kipande, majengo yakiungwa na majengo, hadi kipimo cha swichi saba kikavukwa. Siku mzigo wa data ulipozidi, mti ukashindwa kusimama. STP ilikuwa imewashwa muda wote. Hakuna aliyekuwa ameuchora mtandao wote na kuuliza mti wake unakaaje.

Wanaosanidi kila kitu

Faida yao kubwa ni kwamba mzizi unajulikana, na mrithi wake pia. Swichi kuu inapewa 4096, ya akiba 8192, zilizobaki zinaachwa na 32768. Cisco wana amri ya mkato inayoweka 24576 kwa kawaida. Ni sawa pia, ingawa namba iliyoandikwa kwa mkono ni rahisi kuikumbuka kuliko iliyokokotolewa na mashine.

Chombo chao cha pili ni ulinzi wa BPDU. Poti ya pembeni haitegemewi kupokea BPDU, maana kompyuta haizitumi. Ikizipokea, ama kuna swichi imechomekwa bila ruhusa au kuna lupu, basi poti inafungwa mara moja. Hata ile kebo iliyotoka tundu hadi tundu kwenye ukuta mmoja inakamatwa, kwa sababu swichi inapokea BPDU zake yenyewe.

Gharama yake haizungumzwi vya kutosha. Kwenye Cisco poti iliyofungwa hivyo haifunguki yenyewe isipokuwa umeagiza, na ukiagiza husubiri sekunde 300 kabla ya kujaribu tena. Tawi lililo wilayani, lenye mhasibu aliyejinunulia kaswichi kadogo kanakotuma BPDU ili aongeze printa, litakaa bila mtandao kwenye dawati hilo mpaka fundi wa makao makuu apatikane kwa simu. Kati ya dawati moja kukosa mtandao na jengo zima kukosa, jibu ni wazi. Ila mwenye kuweka ulinzi huo awe na namba ya simu inayopokelewa, la sivyo wenyeji watautafutia njia ya kuukwepa.

Njia hiyo wanaijua: kichujio cha BPDU. Kwenye menyu kiko jirani na ulinzi wa BPDU, na kazi zake ni kinyume kabisa. Kikiwekwa kwenye poti moja moja, poti haitumi BPDU wala haizijali inazopokea. Ni sawa na kuizima STP hapo. Fundi anaona poti imeacha kufungwa, anadhani ametibu. Kwa mtandao wa ofisi, kichujio hiki ni cha kuachwa.

Kuna tatizo la tatu upande huu, nalo ni kupenda toleo gumu. Mti mmoja kwa kila VLAN unaruhusu VLAN za nusu ya jengo kupita kebo ya kushoto na nyingine ya kulia, lakini swichi za kawaida kama Catalyst 2960 hubeba miti 128 tu, na VLAN zinazozidi hapo zinabaki bila STP. MSTP, iliyotoka mwaka 2002 kama 802.1s, hukusanya VLAN nyingi katika miti michache, jambo zuri kwa chuo kikuu. Lakini inadai kila swichi iwe na jina lilelile la eneo, namba ileile ya marekebisho na mgawanyo uleule wa VLAN. Herufi moja kubwa badala ya ndogo kwenye jina, na swichi hiyo inahesabiwa kuwa eneo la kigeni. Timu isiyo na kumbukumbu za maandishi haitaiweza kwa mwaka mzima.

Kulikwepa swali

Wapo wanaosema heri kujenga mtandao usiohitaji STP. Unganisha kebo mbili ziwe kiungo kimoja kwa LACP, nazo zote zitabeba data. Peleka uelekezaji wa IP hadi swichi ya kila ghorofa. Vituo vikubwa vya data hutumia VXLAN pamoja na EVPN. Perlman mwenyewe alirudi na TRILL, iliyochapishwa mwaka 2011 kama RFC 6325, lakini haikuenea. Kwa mwenye fedha na wataalamu, uelekezaji kati ya majengo ndio muundo bora, na ndiko wale wa Boston walikokimbilia. Hata hivyo yule mtu wa kebo inayoning'inia bado yupo kwenye dawati lake, kwa hiyo STP hubaki pembeni hata pale katikati inapoondolewa.

Mizani

Kwa ofisi yenye swichi moja, kishindo chote cha mzizi hakihusu. RSTP iwe imewashwa, poti za watumiaji ziwe za pembeni, ulinzi wa BPDU uwekwe, basi. Kuzima hapo hakuokoi chochote tena, na kusanidi zaidi ya hapo ni kujifurahisha.

Mtandao wa swichi mbili hadi kumi na kitu, ambao ndio wa shule nyingi, hospitali za mkoa na hoteli, ndio unaoumizwa zaidi na ushauri wa kutogusa. Mzizi na mrithi wake wawekwe kwa mkono. Chapa zikichanganyika, swichi za Cisco zihamishiwe MSTP bila kugawa VLAN yoyote, ili zote zizungumze kiwango kimoja na mti ubaki mmoja. Hapo sharti la majina halikusumbui, maana hata maeneo yakitofautiana mti hausambaratiki. Kazi ifanywe baada ya saa za ofisi, kwani kubadilisha mzizi hulazimisha mti kujengwa upya, na penye swichi yenye toleo la zamani data inaweza kusimama kwa sekunde 30 nzima. Kabla ya kubadilisha, chora mtandao na uandike ni kebo ipi unatarajia ifungwe. Baada ya kubadilisha, hakiki kwamba ndiyo hiyo iliyofungwa. Ikifungwa nyingine, mchoro wako au kebo zako si kama ulivyodhani, na ni afadhali ujue siku hiyo.

Mtandao unaokaribia swichi saba kwa mstari, ukatwe kwa uelekezaji kabla ya kufikiriwa kuongezwa saa za STP. Kurefusha saa ni kununua muda.

Zinabaki swichi ndogo za bei rahisi zisizosanidika, zile za poti tano au nane zinazokaa chini ya madawati. Nyingi hazina STP. Zipo zinazozipitisha BPDU, na hizo zikiwa na lupu ndani yake, swichi iliyo juu itaipata BPDU yake ikirudi na kuifunga poti. Zipo zinazozimeza, na hapo hakuna namba ya kipaumbele wala toleo la STP litakaloona kitu. Kwa poti zinazoelekea huko, weka udhibiti wa dhoruba, unaokata matangazo yakivuka kiwango ulichopanga, pamoja na ukomo wa anwani za MAC kwa kila poti.